Nguo Zinazonuka Uvundo: Jiki Haichanganywi na Kitu



Kila masika yakianza, simu za ofisi yetu hulia kwa jambo lilelile: nguo zimefuliwa, zimeanikwa, zimekauka, na bado zinanuka uvundo. Safari hii limezuka baya zaidi. Watu wanajaribu kuimaliza harufu hiyo kwa michanganyiko wanayotumiwa kwenye WhatsApp. Tuliwahi kuonya kwa mabango na redioni, na waliosikia tunawashukuru. Kijitabu hiki ni cha waliobaki.

ONYO KUBWA

Usichanganye jiki na siki. Usichanganye jiki na ndimu. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile iliyoachiliwa dhidi ya askari karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, na chini ndiko aliko mtu aliyeinamia beseni kwenye bafu lenye kidirisha kimoja, na mtoto anayetambaa mlangoni.

“Lakini mimi sikuchanganya,” wengi hutuambia. Umechanganya bila kujua. Jana ulimimina siki kwenye droo ya sabuni ya mashine, leo umeweka jiki kabla ya kuisuuza. Au bomba la maji machafu ya mashine linamwaga kwenye sakafu ya choo, na asubuhi sakafu hiyohiyo imepigwa dawa. Au nepi za mtoto zimelowekwa kwenye jiki pamoja na mkojo wake: mkojo uliokaa huwa na amonia, nayo ikikutana na jiki hutoa mvuke unaochoma macho na kifua. Nepi husuuzwa kwanza.

Jiki ya kupimiwa, iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, isiingie nyumbani kwako. Wewe hujui ukali wake, na mtoto hajui kuwa si maji.

Ukisikia harufu inayokaba koo, toka nje, na watoto utoke nao. Usirudi kumwaga. Usirudi kuokoa nguo. Anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe kituo cha afya, hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu dalili huweza kuzidi saa kadhaa baadaye. Maziwa si dawa ya gesi iliyoingia mapafuni. Tunalisema hili kila mara, na kila mara glasi ya maziwa inatangulia hospitali.

Tunarudia: jiki haichanganywi na kitu isipokuwa maji, na maji yenyewe yawe ya baridi.

HARUFU YENYEWE

Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kuwa bakteria aitwaye Moraxella osloensis ndiye mtoaji mkubwa wa harufu hiyo ya nguo mbichi. Hula mafuta ya mwili na mabaki yanayobaki kwenye nyuzi, tena ni mvumilivu wa ukavu. Ndiyo maana taulo lililokauka vizuri huanza kunuka tena likiguswa na maji. Jua linasaidia sana, lakini halifanyi kazi ya kufua.

Kosa la kawaida ni kuongeza sabuni. Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, povu halipatikani, basi kopo zima linamiminwa, na utando wake unabaki kwenye nguo na kwenye pipa la mashine. Kinachohitajika hapo ni kusuuza zaidi. Taulo na shuka zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Siki na magadi kwa pamoja hazidhuru, ila huzimana nguvu. Povu lile ni la kutazama tu.

Mashine ya mlango wa mbele hunuka kwenye mpira wa mlango. Ufunue mikunjo yake, utoe nywele na uteute, uufute na kuukausha. Chomoa droo ya sabuni uisugue. Fungua chujio la chini baada ya kutandika kitambaa, maana maji yatamwagika, tena yatanuka. Kisha endesha mashine tupu kwa maji ya moto na sabuni kidogo ya unga, mara moja kwa mwezi. Mashine ya matangi mawili haichemshi maji. Ukiyaongeza kutoka jikoni, yasiwe yanatokota, plastiki itapinda.

Baada ya kufua, acha mlango wazi, ila si pale penye watoto wadogo. Umeme ukikatika nguo zikiwa ndani, zitoe uzikamue kwa mkono. Zikilala humo hadi kesho, zifuliwe upya.

MALALAMIKO KUHUSU MASHINE

Tunapokea ya mwenye risiti, mashine ikiwa ndani ya waranti, na isiwe imefunguliwa na fundi wa mtaani. Masharti mengine yako nyuma ya fomu ya malalamiko. Harufu itokanayo na kutosafisha si hitilafu ya kiwandani, na fundi wetu huanza kwa kufungua chujio. Nguo zenyewe msituletee ofisini, maelezo yanatosha.