Mhandisi Kijana na Kazi ya Serikali: Wizara, Wilaya au Shirika?



Kila mwaka, ndugu na dada zetu wa uhandisi wanapokaribia kumaliza, swali huwa lile lile: niombe kazi wapi? Wengi hujibu kwa kutaja mshahara mkubwa kuliko yote waliyousikia. Somo hili linasema kwamba mshahara una nafasi yake, lakini si swali la kwanza. La kwanza ni hili: nani atanifundisha kabla sahihi yangu haijaanza kubeba maisha ya watu na mali ya umma?

Tuanze kwa kuzijua njia zenyewe, kama zilivyo hapa Uganda.

1. Wizara

Wizara kama ya Ujenzi na Uchukuzi, ya Nishati au ya Maji huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Ngazi za mishahara ya utumishi wa umma hupanda kutoka U8 hadi U1, na mwenye shahada kwa kawaida huanzia U4. Tangu Julai 2022 serikali imepandisha mishahara ya wanasayansi, wahandisi wakiwemo, kwa hiyo ile kauli ya zamani kwamba wizarani hakuna mshahara inafaa kuangaliwa upya.

Faida yake ni uthabiti: umri wa kustaafu ni miaka 60, na pensheni hailipiwi kwa makato ya mshahara wako. Hasara yake ni kwamba kupanda ngazi huchukua muda, na unaweza kukaa na mafaili miaka mingi bila kukanyaga eneo la ujenzi.

2. Wilaya

Uganda ina wilaya zaidi ya 130, na kila moja ina idara ya ujenzi. Hapa mwajiri ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimerudia kutaja upungufu wa watumishi wilayani, hivyo milango ipo. Tangu 2012 wilaya nyingi hutengeneza barabara zao kwa vikosi na mitambo yao wenyewe badala ya kumpa mkandarasi. Maana yake, kijana wa wilayani hujifunza haraka: atapanga greda, atahesabu mafuta, atapima changarawe, atasimamia makalvati.

Lakini mara nyingi atakuwa peke yake. Akikosea mfereji, huenda hakuna mkubwa wa fani karibu wa kumwambia. Na wanasiasa wa wilaya hawako mbali. Wako mlango wa pili.

3. Shirika la umma

Hapa tunazungumzia Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoanzishwa 1972, na kampuni tatu za umeme zilizozaliwa 2001 Bodi ya Umeme ilipogawanywa: ya kuzalisha (UEGCL), ya kusafirisha (UETCL) na ya kusambaza (UEDCL). Hizi hutangaza nafasi zake zenyewe. Nyingi huajiri kwa mkataba wa miaka kadhaa, na akiba ya uzeeni hupitia NSSF: mwajiri huchangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5.

Kwa mhandisi wa umeme, nafasi katika njia hii zimepanuka. Mkataba wa Eskom ulipokwisha Machi 2023, mitambo ya Nalubaale na Kiira ilirudi kwa UEGCL. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Na Umeme ilipomaliza miaka yake 20 mwisho wa Machi 2025, usambazaji ulirudi kwa UEDCL.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza: nani atanifundisha? Shahada peke yake haikufanyi mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, uliza: je, pale yupo mhandisi aliyesajiliwa atakayesimamia kazi yangu na kuweka sahihi kwenye kumbukumbu zangu? Nafasi yenye mshahara mdogo na msimamizi mzuri inaweza kukufikisha kwenye usajili mapema kuliko nafasi nono ambayo huna wa kumuuliza.

La pili: nitatia sahihi kwenye nini? Mhandisi wa mradi huthibitisha kuwa kazi imefanyika ndipo mkandarasi alipwe. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire kuhusu Mamlaka ya Barabara (UNRA) iliripoti mwaka 2016 kwamba takriban shilingi trilioni 4 kati ya trilioni 9 zilitumiwa vibaya. Fedha za barabara haziondoki hivihivi. Hupita kwenye karatasi, na karatasi hutiwa sahihi na watu. Je, unaujua moyo wako? Kuna anayeweza kusimama imara peke yake wilayani, na kuna anayehitaji kwanza kukaa kwenye ofisi yenye ukaguzi mkali na wakubwa waadilifu. Kulijua hilo mapema ni busara, wala si udhaifu.

La tatu: taasisi yenyewe itaishi? UNRA iliundwa kwa sheria ya 2006 na kuanza kazi 2008. Kwa miaka mingi ilikuwa ndoto ya kila mhandisi wa barabara, kwa sababu ililipa kuliko wizara. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuivunja na kazi zake zikarudishwa wizarani. Wengi waliokuwa na mikataba pale walijikuta wanatafuta kazi upya. Hii haina maana kwamba ukimbie mashirika. Maana yake ni kwamba anayeingia kwa mkataba aishi kama mtu wa mkataba: asajiliwe mapema, aweke akiba, na asijifunge na madeni yanayotegemea kwamba mkataba utaongezwa.

La nne: mshahara na familia. Sasa ndipo tuhesabu. Linganisha malipo yote, si namba ya mwezi tu: posho za kazi za nje, nyumba, matibabu, pensheni au NSSF. Kisha uliza kuhusu kituo. Kupangiwa Moroto si sawa na kupangiwa Mukono kwa mwenye mzazi mgonjwa Mbale, au kwa dada anayeolewa mwezi ujao. Zungumzeni nyumbani kabla ya barua kutoka, si baada yake.

Mlango wa kuingilia

Hapa fiqhi inahusika moja kwa moja. Wapo wajumbe wa tume za wilaya waliofikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuuza nafasi za kazi. Mwanafunzi akiambiwa "leta kitu kidogo, jina lipite", ajue kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji pamoja. Na zaidi ya dhambi, tazama hesabu yake: aliyeinunua kazi ataanza mwezi wa kwanza akitafuta namna ya kurudisha fedha zake, na aliyemuuzia atakuwa na siri yake mkononi.

Baada ya kuingia, mtihani unaofuata ni zawadi. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alitenga sehemu, akisema hii nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alikemea na kuhoji kama zawadi hizo zingemfuata angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Mbuzi wa Idi kutoka kwa mkandarasi unayemkagua upimwe kwa swali hilo hilo. Sheria ya nchi nayo, ile ya Mwenendo wa Viongozi ya 2002, inaweka mipaka ya zawadi na kuwataka viongozi watangaze mali zao. Kwetu jambo hili si geni, kwani imepokewa kuwa Umar (r.a.) aliandika mali za magavana wake kabla ya kuwatuma.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili: ni mlinzi, na ni mjuzi (12:55). Mlinzi asiyejua atajenga daraja litakaloanguka. Mjuzi asiyelinda atalijenga kwenye karatasi tu.

Hatua za kuanza nazo

Tafuta mafunzo ya vitendo ya likizo mahali tofauti kila mwaka: wilayani mara moja, shirikani mara moja. Tayarisha Fomu ya PSC Na. 3 na nakala za vyeti kabla ya tangazo kutoka. Jizoeze mitihani ya majaribio ya Tume. Fanya shura na wahandisi wawili walio kazini, kisha swali istikhara, kisha uombe na uache kuyumba.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kati ya njia tatu, ipi ina usimamizi bora kwa fani yako, na umejuaje?
2. Mkubwa wako anakuamuru uthibitishe kilomita 5 za barabara ambazo hujaziona. Utamjibu nini, kwa maneno gani, na utaandika wapi jibu hilo?
3. Mkataba wako ukikatishwa baada ya miezi sita, una nini mkononi?

Wallahu a'lam. Allah atujaalie riziki ya halali na sahihi zisizotuaibisha Siku ya Kiyama.