Hatua Nzuri Itangulie

Ukiandika injini ya chesi, usihangaikie kasi ya msimbo kabla hujapanga hatua. Alfa-beta, mbinu ya kupekua mti wa hatua, hukata tawi pale tu inapopata jibu kali. Jibu hilo likikaa mwisho wa orodha, umepekua orodha nzima bure. Donald Knuth na Ronald Moore walilionyesha hilo kihesabu mwaka 1975. Chukua mti wenye hatua 35 kila zamu, kina cha 4: bila kukata kitu una majani 1,500,625 ya kutathmini. Mpangilio ukiwa kamili, yanabaki 2,449.

Anza na hatua iliyohifadhiwa kwenye jedwali la heshi, ile iliyoshinda hali hiyohiyo ilipopekuliwa kwa kina kidogo. Ijaribu hata kabla ya kuzalisha nyingine. Mara nyingi hutazihitaji.

Zifuate za kula. Askari anayekula malkia awe mbele, malkia anayekula askari awe nyuma. Kipimo hicho hakijui kama kete inayoliwa imelindwa, kwa hiyo piga hesabu ya kulana kwenye mraba huo hadi mwisho, na ulaji wa hasara uupeleke mkiani kabisa.

Zinazosumbua ni hatua tulivu, zisizokula chochote. Kwa kila ngazi ya mti, hifadhi mbili zilizoleta mkato karibuni. Ikiwa farasi kwenda g5 kumemkomesha mpinzani aliyesogeza askari wa a, jaribu hilohilo akisogeza wa b. Hakikisha tu kwamba bado ni halali, maana farasi huyo huenda ameshaliwa. Zilizobaki zipange kwa jedwali la historia, mbinu ya Jonathan Schaeffer ya mwaka 1983. Iliyoleta mkato iongezee alama sawa na kina kwa kipeo cha pili, na zilizojaribiwa kabla yake zikashindwa, zipunguzie. Wengi husahau kupunguza, jedwali likajaa namba kubwa zisizotofautisha chochote.

Sasa pima. Zima jedwali la heshi na kila mbinu ya kupunguza kina, kisha endesha utafutaji wa kina kilekile, ukiwa na mpangilio na bila mpangilio. Tathmini lazima iwe ileile. Idadi ya nodi ndiyo ishuke. Tathmini ikibadilika, kuna hitilafu kwenye utafutaji wenyewe, itafute kwanza. Halafu hesabu ni mikato mingapi iliyotokea kwenye hatua ya kwanza. Ikiwa chini sana ya asilimia 90, rudi kwenye hatua tulivu.