Farasi hatuna, punda je?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo na miguu imekakamaa. Shangazi yake aliye Uingereza anasema huko watoto kama yeye hupandishwa farasi. Sisi tuna punda wa kubeba maji. Atafaa? – Mama wa Busia

JIBU: Mama, shangazi yuko sahihi. Farasi akitembea polepole, nyonga za aliyempanda husogea karibu sawa na za mtu anayetembea, na joto la mnyama hulegeza misuli. Lis Hartel wa Denmark, aliyepoozwa na polio mwaka 1944, alishinda medali ya fedha ya kupanda farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952.

Lakini kwa nini farasi hatuna? Huku Busia na Tororo mbung'o ndiye mwenye neno. Nagana, ugonjwa anaoueneza, humuua farasi upesi; punda huistahimili kidogo zaidi.

Ila punda wenu simshauri. Mnyama wa kupandwa na watoto kama hawa hufunzwa asishtuke, na mtoto huvaa kofia ngumu huku mtu mmoja akimwongoza mnyama na wawili wakitembea ubavuni. Punda wa madumu akisikia honi ya lori la mpakani, nani atamshika? Isitoshe, nyonga iliyoteguka au kifafa kisichodhibitiwa huweza kumzuia mtoto kupanda kabisa.

Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nyonga zikaguliwe. Akiridhia, kunja godoro liwe gogo nene, mtoto alikalie miguu huku na huku, wewe ukimshika kiunoni na kumyumbisha taratibu. Akilia kwa maumivu, acha.