Kusoma Volti na Joto la Prosesa

Mwalimu anapofundisha kuongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani, asianze na kasi. Aanze na joto. Wanachuo wangu husoma nyuzi 40 za Sentigredi kompyuta ikiwa imetulia, wakaridhika. Kipimo hicho hakitoshi. Wapeni mashine kazi nzito kwa nusu saa, kisha wasome tena.

Kasi kubwa hudai volti zaidi, na hapo ndipo penye hatari, maana nguvu ya umeme hufuata kasi mara mraba wa volti. Fanyeni hesabu ubaoni: volti 1.20 zikiwa 1.32, na kasi ikizidi kwa asilimia 10, tunapata 1.1 × 1.21, yaani 1.331. Theluthi nzima imeongezeka, nayo yote hugeuka joto! Prosesa nyingi za Intel zikaribiapo nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe.