SOMO LA WANACHAMA: HESABU YA WADUDU NA HAKI YA JIRANI



Kila msimu vyama vyetu vya msingi huagiza dawa za kuua wadudu, huzigawa kwa mkopo, kisha hukata deni katika malipo ya mazao. Katika vitabu vya chama dawa huandikwa kwa lita na kwa shilingi. Hakuna ukurasa unaouliza iwapo dawa hiyo iliwapunguza wadudu au iliwaongeza. Swali lenyewe laonekana la upuuzi, kwani ni nani asiyepata kuona mdudu akifa baada ya kupuliziwa? Hata hivyo wanahisabati walikwisha kulishughulikia, na jibu lao yafaa lifahamike kabla ya oda nyingine kutiwa sahihi.

Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa viumbe wa Italia, Umberto D'Ancona, alichunguza takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatic. Aliona kwamba wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, uvuvi ulipopungua, fungu la samaki walao wenzao, kama papa, lilikua kuliko fungu la samaki waliwao. Alimpelekea fumbo hilo mkwewe, Vito Volterra, mwanahisabati mashuhuri. Volterra aliandika milinganyo miwili, mmoja wa mlaji na mmoja wa mliwa, akatangaza jibu lake mwaka 1926. Huko Marekani Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo ya namna hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe. Tawi hili la hisabati ni elimu ya mifumo inayobadilika, yaani hesabu ya mambo ambayo hali yake ya leo ndiyo izaayo hali yake ya kesho.

Sasa tuilete hesabu hiyo katika shamba la pamba. Tarakimu zifuatazo nimezichagua kwa wepesi wa kujumlisha, hazikupimwa shambani.

Tuseme vidukari wakiachwa bila adui huongezeka 40 kwa kila 100 kila juma. Maadui wao ni wale mende wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni, pamoja na buibui na nyigu wadogo. Tuseme kila adui mmoja hula vidukari 2 katika kila 100 waliopo. Basi ili vidukari wasizidi wala wasipungue, wanahitajika maadui 20, kwa kuwa 20 mara 2 ni 40. Upande wa pili, maadui wasipopata chakula hufa 10 katika kila 100 kwa juma, na kila vidukari 100 waliomo shambani huwawezesha kuongezeka 5 kwa kila 100. Ili maadui nao wasipungue, wanahitajika vidukari 200.

Rudia kusoma hapo, ndugu Katibu, maana ndipo penye kiini. Idadi ya vidukari haikuamuliwa na uzazi wao. Imeamuliwa na njaa ya adui yao.

Sasa mwanachama apige dawa isiyochagua, iuayo 20 katika kila 100 kila juma, vidukari na maadui sawasawa. Ongezeko la vidukari linabaki 20, na maadui 10 wanatosha kulizuia. Lakini maadui sasa wanapoteza 10 kwa njaa na 20 kwa dawa, jumla 30. Ili wasitoweke wanahitaji vidukari 600. Shamba lililokuwa na vidukari 200 sasa lina 600, na dawa imelipiwa.

Juma la kwanza wadudu hupungua kweli, na hilo ndilo limdanganyalo mkulima. Tarakimu 600 ni wastani wa muda mrefu, kwa kuwa viumbe hawa hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Kadhalika, dawa ichaguayo mdudu mmoja tu ina hesabu nyingine. Tena mtu aweza kusema: tupige dawa kali kushinda ule uzazi wa 40, tuwamalize wote. Kwenye karatasi inawezekana. Shambani, wengine huingia kutoka kwa jirani, na wachache walionusurika huzaa kizazi kisichosikia dawa.

Jambo hili lilipata kutokea. Bonde la Cañete nchini Peru lina mashamba ya pamba yaliyozungukwa na jangwa. Mwaka 1949 wakulima wake walianza kutumia DDT na dawa nyingine mpya za jamii hiyo. Mavuno yalipanda kutoka kilo 494 kwa hekta mwaka 1950 hadi kilo 728 mwaka 1954. Miti ilikatwa ili ndege za kunyunyizia zipite vizuri. Kisha dawa zikaanza kushindwa moja baada ya nyingine, wadudu wasiokuwa tishio hapo kwanza wakawa tishio, na watu wakazidi kunyunyizia. Mwaka 1956 mavuno yalianguka hadi kilo 332. Ndipo chama cha wakulima wenyewe kilipoomba amri ya serikali: dawa zile zisitumike ila kwa kibali maalumu, tarehe za kupanda ziwe moja kwa wote, na wadudu marafiki waletwe upya kutoka nje ya bonde. Mavuno yalirudi.

DDT sasa haimo tena katika kilimo kwa mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, lakini hesabu ya Volterra haisomi jina lililoandikwa kwenye kopo.

Hapa hisabati yakoma na swali la haki laanza. Mwanachama husema, shamba ni langu na bomba ni langu. Lakini nyigu hajui mpaka; nafuu ya juma moja ni ya mwenye bomba, na hasara ya msimu ni ya kijiji kizima. Wakulima wa pamba wa Tanzania wanaijua kanuni ya namna hiyo, kwani masalia hung'olewa na kuchomwa kwa tarehe iliyowekwa, apende asipende, ili mdudu asivuke msimu. Kwa upande mwingine, ni haki gani kumwamuru mjane mwenye ekari moja aweke bomba chini huku ada ya mtoto ikiliwa na funza? Kwa maoni yangu, chama kinachomzuia mwanachama kunyunyizia hakina budi kutenga fungu la kumfidia akipata hasara. Kisipoweza kutenga, kimshauri tu, kisimwamuru.

Liko na jambo ambalo wakaguzi huliona vitabuni na wanachama hawalioni. Chama kinachopata ushuru kwa kila lita kinaposhauri kupiga dawa mara nyingi, kinakuwa muuzaji na hakimu kwa pamoja. Ushuru huo usomwe mbele ya Mkutano Mkuu kwa tarakimu zake, kabla mshauri hajasimama kusema.

Kwa msimu ujao, Katibu afungue daftari lenye safu mbili. Kila juma, katika mashamba matano, ahesabu mashina kumi ya kila shamba: safu moja wadudu waharibifu, safu ya pili maadui wao. Pale safu ya pili inapopungua huku ya kwanza ikipanda baada ya dawa, oda ya nyongeza isipelekwe Chama Kikuu mpaka daftari lisomwe na kamati.