Ni Nani Achaguaye Chupa?

Mtu aingiapo sokoni hapa Kamina na fedha za mshahara mfukoni, ni nani amchaguliaye? Atajibu, "Ni mimi mwenyewe." Basi na tutazame.

Mwaka 1973 Franco na bendi yake ya O.K. Jazz walitoa wimbo uitwao Azda. Hilo lilikuwa jina la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen katika nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Wimbo ulikuwa tangazo la biashara, wala haukujificha; hata hivyo waliucheza kwa furaha hata wale wasioweza kununua gurudumu moja la gari lile. Hapo ndipo ilipo siri. Sikio likisha kuzoea jina, moyo hulidhania kuwa ni rafiki, na furaha ya ngoma hukihamia kitu kisichoipiga ngoma hiyo.

Tena iko desturi iitwayo kwa Kilingala libanga, maana yake jiwe: jina la mkubwa au mfanyabiashara hurushwa katikati ya wimbo kama kijiwe. Asikiaye hudhani ni heshima tupu, kumbe mara nyingi yamepita mapatano ya fedha.

Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa bia. Kundi la Wenge Musica lilipovunjika mwaka 1997, Werrason na JB Mpiana wakawa washindani, na vijana wakagawanyika nyuma yao. Baadaye viwanda vikaingia katika mashindano hayo: Werrason akaitangaza Primus ya Bralima, naye JB Mpiana akaitangaza Skol ya Bracongo. Kijana ampendaye mmoja aliweza kuona haya kushika chupa ya mwingine. Je, ulimi wake ulionja tofauti? Pengine, kwa kuwa kila bia ina ladha yake. Ila haya haitoki ulimini. Hutoka kwa wenzake walioketi naye mezani.

Swali: Ni nani aliyelipia jukwaa, taa na mwimbaji?

Jibu: Kiwanda kilitangulia kulipa, wanywaji wakarudisha kidogo kidogo, kwa kila chupa.

Huo si wizi, maana mwenye mali ana ruhusa ya kuitangaza. Lakini mke wa fundi wa gari moshi, ahesabupo jioni ya mshahara fedha za unga na za shule, ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kilikuwa cha bia, na kiasi gani cha wimbo.