Faili Inaposema "Tupu": Masomo ya Chuo Kikuu Mtandaoni na Wanafunzi Wenye Ulemavu

Mhadhiri ametuma maelezo ya somo kwenye jukwaa la chuo Jumapili usiku. Ni kurasa 40, zinazopaswa kusomwa kabla ya jaribio la Jumatano. Wanafunzi walioko nyumbani wanazifungua kwa simu na kuanza kusoma. Mwenzao asiyeona anafungua faili hiyo hiyo kwa kompyuta yake, anavaa vipokea sauti na kusubiri programu imsomee. Programu inamwambia jambo moja tu: hati ni tupu.

Faili si tupu. Imejaa maandishi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ila maandishi hayo yote ni picha. Mtu fulani alilaza kitabu juu ya mashine ya kuskani, akabonyeza, kisha akahifadhi kila ukurasa kama picha ndani ya PDF. Mtu anayeona akitazama anakuta herufi. Kompyuta haikuti herufi hata moja. Kwake, ukurasa huo hauna tofauti na picha ya ng'ombe malishoni.

Kisa cha namna hii hutokea mara kwa mara, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kumzuia mtu. Kitabu kilitolewa nakala, nakala ikapelekwa kwenye duka la saiba, duka likaskani, na kiongozi wa darasa akaisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Kila mmoja alitimiza sehemu yake. Anayebaki nje ni mwanafunzi mmoja, naye analazimika kumwomba rafiki amsomee kurasa 40 kwa sauti, ikiwa rafiki ana nafasi.

Kwa nini jambo hili linawahusu wakazi

Elimu ya chuo kikuu iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kaunti haiwezi kumwelekeza mhadhiri jinsi ya kuandaa somo lake. Hata hivyo, wanafunzi hao ni watoto wa kaunti, wengi wao husomea sebuleni mwa wazazi wao, na maduka yanayoskani vitabu yako katika masoko ya hapa hapa. Vituo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo Katiba iliviweka chini ya kaunti, navyo hukumbana na tatizo lile lile mara tu mkufunzi anapoanza kutuma masomo kwa simu. Masomo ya mbali nayo yanazidi kupanuka. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 2023 na chenye makao Konza, hufundisha kwa njia ya mtandao.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban watu 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi nchini Kenya, yaani asilimia 2.2, waliishi na ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, haki ya kupata habari, na haki ya kutumia Lugha ya Ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha kitaifa, KS 2952, kinachoeleza jinsi bidhaa na huduma za teknolojia ya habari zinavyopaswa kuundwa ili watu wenye ulemavu waweze kuzitumia. Kwa hiyo mwanafunzi anayeomba faili inayosomeka haombi hisani.

Vifaa navyo si haba kama zamani. NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, hutolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa ghali mno. Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake. Mwanafunzi anaweza kuwa na kila kifaa anachohitaji na bado akashindwa kusoma, kwa kuwa kasoro iko ndani ya faili aliyotumiwa.

Jaribio la kidole

Ipo njia ya haraka ya kujua kama faili inasomeka, na haihitaji utaalamu. Mtu afungue PDF, kisha ajaribu kuchagua neno moja tu kwa kipanya au kwa kubonyeza kidole na kushikilia. Neno likichaguliwa, yale ni maandishi. Ikiwa hakuna kinachochaguliwa, au ukurasa mzima unachaguliwa kama kipande kimoja, ile ni picha.

Faili ya picha inaweza kugeuzwa kuwa maandishi. Google Docs hufanya kazi hiyo bila malipo: PDF hupakiwa kwenye Google Drive, kisha hufunguliwa kama hati. Hata hivyo kinachotoka lazima kikaguliwe na mtu. Herufi "r" na "n" zikikaribiana husomwa kama "m", tarakimu 1 hugeuka herufi "l", na safu mbili za maandishi zinaweza kuchanganywa zikawa mstari mmoja usio na maana. Katika somo la historia kosa hilo linaudhi tu. Katika famasia, ambako tarakimu moja hubadilisha kipimo cha dawa, ni hatari.

Njia bora ni kutofika huko kabisa. Mhadhiri aliyechapa maelezo yake mwenyewe tayari ana maandishi halisi. Anachotakiwa ni kuyatuma yalivyo. Wapo wanaochapa, wakatoa nakala ya karatasi, wakatia sahihi, kisha wakaskani karatasi hiyo na kuituma. Hapo maandishi mazuri yamegeuzwa kuwa picha bila sababu yoyote ya maana. Faili yenyewe nayo huwa nzito mara nyingi zaidi ya hati ya kawaida, na hilo humuumiza kila mwanafunzi anayenunua bando.

Kuandaa hati inayosikika

Msomaji anayeona hupitisha macho na kuona vichwa vya sehemu. Asiyeona hubonyeza herufi H kwenye kibodi, na NVDA humrusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Hilo huwezekana tu ikiwa mwandishi alitumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia. Akikoleza wino na kukuza herufi peke yake, kwa macho kile ni kichwa, lakini kwa kompyuta ni sentensi kama nyingine. Mwanafunzi anayetafuta sehemu ya tano ya somo atalazimika kusikiliza sehemu nne za mwanzo kwanza. Hati ikiwa tayari, ihifadhiwe kama PDF kwa njia ya kuhifadhi, si kwa njia ya kuchapisha, kwani njia ya kuchapisha mara nyingi hupoteza mpangilio huo wote.

Kila picha yenye maana inahitaji maelezo mafupi ya maandishi. Neno "grafu" peke yake halimsaidii mtu. "Grafu ya mvua: inapanda kuanzia Machi, inafika kilele Aprili na kushuka Juni" inampa mwanafunzi kile ambacho wenzake wanakiona. Picha za mapambo hazihitaji maelezo. Zipewe alama ya kuwa mapambo, programu izipite. Milinganyo ya hesabu iandikwe kwa zana ya milinganyo badala ya kupigwa picha ubaoni. Majedwali yawe na safu ya vichwa, na visanduku visiunganishwe ovyo, kwa sababu asiyeona husikia kisanduku kimoja kimoja na lazima ajue kila namba iko chini ya kichwa gani.

Kuna jambo moja ambalo wahadhiri wa Kiswahili hasa hulisahau, nalo ni lugha ya hati. Kompyuta nyingi hudhani kila hati imeandikwa kwa Kiingereza, na programu ya sauti hutamka kulingana na dhana hiyo. Neno "pole" hutoka kama "poul", "wake" hutoka kama "weik", na "mate" hutoka kama "meit". Mwanafunzi anasikiliza uchambuzi wa riwaya ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Dawa yake ni kuchagua maandishi yote na kuyawekea lugha ya Kiswahili, kazi ya nusu dakika. NVDA huja na sauti inayoweza kusoma Kiswahili. Sauti yenyewe ni ya kimashine, lakini inaeleweka.

Kwa wenye uoni hafifu, rangi ni jambo kubwa. Vipimo vya kimataifa vya tovuti vinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1. Herufi za manjano juu ya nyeupe, ambazo hupendwa sana kwenye slaidi, ziko mbali na kipimo hicho. Pia rangi isibebe maana peke yake: "majibu sahihi yako kwa kijani" haimwambii kitu asiyetofautisha kijani na nyekundu.

Video na mitihani

Video ya mhadhara bila manukuu ni kimya kitupu kwa mwanafunzi kiziwi. Manukuu yanayotengenezwa na mashine ni mwanzo tu, kwani hukosea majina ya watu, istilahi na lafudhi, na hayo ndiyo mambo yanayoulizwa kwenye mtihani. Ni lazima mtu ayapitie. Manukuu nayo hayawezi kuchukua nafasi ya mkalimani kwa kila mtu. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, si Kiingereza wala Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na kwa viziwi wengi Kiingereza cha kuandikwa ni lugha ya pili. Kwa asiyeona, tatizo la video ni jingine: mhadhiri anayesema "kama mnavyoona hapa" kisha akanyamaza. Akitaja kwa maneno kile kilichopo kwenye slaidi, anawasaidia hata wale waliozima picha ili kuokoa bando.

Mtihani wa mtandaoni wenye saa inayohesabu kurudi nyuma humbana anayeandika polepole kwa sababu ya ulemavu wa mikono. Moodle, jukwaa linalotumiwa na vyuo vingi, humwezesha mhadhiri kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kugusa saa ya wengine. Maswali yanayotaka kuburuta vitu kwa kipanya yawe na njia ya pili ya kujibu kwa kibodi.

Gharama ya kuchelewa

Kwamba kazi hii ni nafuu ikifanywa mapema na ghali ikingojewa, kunaonekana katika kisa cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Chuo hicho kilikuwa kimeweka maelfu ya mihadhara mtandaoni bure kwa dunia nzima. Mwaka 2014, wafanyakazi wawili viziwi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, walilalamika kuwa hawawezi kuifuata. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikubaliana nao: video nyingi hazikuwa na manukuu sahihi, na hati nyingi hazikusomeka kwa programu za sauti. Chuo kilipokadiria gharama ya kurekebisha yote, mwaka 2017 kiliondoa mihadhara zaidi ya 20,000 kwenye macho ya umma. Walioweza kuitumia wakaikosa, na waliolalamika hawakupata kitu. Mwaka 2022 ndipo makubaliano na serikali yalipokibana chuo kurekebisha masomo yake ya mtandaoni. Wasemao kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea.

Hatua za kuchukua

Mwanafunzi mwenye ulemavu ajitambulishe kwa mhadhiri na kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu katika wiki ya kwanza ya muhula, kwa maandishi, akitaja programu anayotumia na aina ya faili inayomfaa. Ombi lisemalo "naomba maelezo kwa Word, kwa kuwa PDF za picha hazisomeki kwa NVDA" hushughulikiwa haraka kuliko malalamiko ya jumla. Ambaye hajajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kumwona afisa wa Baraza katika kaunti.

Kuhusu vitabu, hofu ya hakimiliki isimzuie mtu. Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017 na kurekebisha sheria ya hakimiliki mwaka 2019, na lengo lake ni kuruhusu kitabu kilichochapishwa kugeuzwa kuwa breli, sauti au faili inayosomeka kwa ajili ya asiyeweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kwanza kumwomba mwenye haki ruhusa. Ruhusa hiyo haimhusu mwanafunzi mwingine anayetaka tu nakala ya bure.

Wenye maduka ya saiba wanaweza kumwuliza mteja swali moja kabla ya kuskani kitabu cha chuo: je, kuna atakayesikiliza badala ya kusoma? Mashine nyingi na programu zake huwa na sehemu ya kuchagua maandishi yatambuliwe. Kazi hiyo ianze mapema, maana kukagua kurasa 300 zilizogeuzwa kutoka picha huchukua siku kadhaa, na jaribio la Jumatano halisubiri.